Mikebe Miwili ya Baruti

Kwa miaka kumi na minne, kila Jumamosi asubuhi, nyumba ya Kibet na Gakii huko Thornton Heath ilikuwa na saa moja ya kimya. Hakikuwa kimya cha watu waliokosana. Kibet alikuwa akitengeneza risasi.

Alizitengenezea chumba cha nyuma, alimolala binti yao Bridget kabla hajaolewa na kuhamia Ilford. Kitanda kilitoka, ikaingia meza nzito ya mbao. Ukingoni mwa meza alifunga mashine ya chuma yenye mkono mrefu kama wa pampu ya maji, na katikati akaweka mizani ndogo aliyoifunika kwa kitambaa cheupe kila alipomaliza. Ukutani kulikuwa na kabati la chuma, na ndani yake bunduki ya kuwindia kulungu. Ufunguo wa kabati hilo Gakii hakujua uliko, wala hakutakiwa kujua. Leseni ilikuwa ya Kibet peke yake, na polisi walikuja kukagua.

Kazi yenyewe Gakii aliijua kwa macho. Ganda tupu la shaba, lililokwisha kupigwa na kuokotwa, lilisafishwa na kunyooshwa kwenye mashine, kisha likatiwa fataki mpya kwenye kitako. Baruti ilipimwa kwenye mizani, ikamiminwa ndani ya ganda kwa mrija mdogo. Mwisho kichwa cha risasi kilikandamizwa mdomoni mwa ganda, mkono wa mashine ukishuka taratibu, na risasi ikawa tayari.

"Wakati wa kumimina usiniongeleshe," Kibet alimwambia Jumamosi ya kwanza kabisa.

"Hata nyumba ikiwaka moto?"

"Nyumba ikiwaka, nibebe na kiti changu. Nitakuwa bado nahesabu."

Basi Gakii alizoea kuketi upande wa pili wa meza na ungo wa njahi, yale maharagwe meusi ya kwao, mapajani, akichambua, huku mumewe akimimina. Hawakusemezana. Alimtazama vidole. Kibet alikuwa fundi wa mizani na mashine katika hospitali moja ya kusini mwa London, na alikuwa na mikono ya mtu aliyelipwa miaka ishirini ili asikosee. Gakii alipenda kuitazama mikono ile kuliko alivyowahi kumwambia.

Uwindaji Kibet alijifunza kwa Surinder. Surinder alikuwa fundi mwenzake wa hospitali, Singasinga aliyezaliwa Nakuru na kuja Uingereza akiwa kijana. Walifanya kazi jengo moja kwa mwaka mzima wakisalimiana kwa Kiingereza, mpaka siku Surinder alipobanwa kidole na mlango wa lifti, akatukana tusi la Kiswahili ambalo Kibet hakuwa amelisikia tangu shuleni. Kibet alicheka hadi akaegemea ukuta. Kuanzia siku hiyo wakawa ndugu. Mke wa Surinder, Alka, alizaliwa Uingereza na hakujua Kiswahili, kwa hiyo kila neno Surinder alilokuwa ameliweka moyoni miaka yote hiyo alimletea Kibet. Alitoka kwake Stanmore, upande mwingine wa jiji, akavuka London nzima ili aje kula ugali na kuongea.

Ndiye aliyempeleka Kibet Sussex, kwenye shamba la Mwingereza mmoja ambaye kulungu walikuwa wakimlia miche ya miti hadi msitu wake ukashindwa kuota upya. Ndiye aliyemwonyesha namna ya kunyemelea dhidi ya upepo. Lakini kwenye kutengeneza risasi mwanafunzi alimpita mwalimu, na baada ya miaka miwili Surinder alikuwa akimletea Kibet maganda yake amtengenezee.

"Za dukani zina ubaya gani?" Gakii aliuliza wakati fulani.

"Hazina ubaya. Zinaua," Kibet alijibu. "Ila zinatofautiana kidogo, moja na nyingine. Nami nikishaamua kumwua mnyama, sitaki akimbie na jeraha kwa sababu ya hicho kidogo."

Gakii alifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Croydon, kwenye ghorofa ya wale wanaosahau. Alijua dalili zote. Alijua mtu anavyoanza kuficha, anavyocheka pale anapokosa jina, anavyoandika vikaratasi. Ndiyo maana baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakuona.

Dalili ya kwanza ilikuja Jumamosi moja ya mwezi wa Februari. Kibet alikuwa ameshika mrija, baruti ikishuka, mara akaanza kuzungumza. Alizungumza juu ya mwalimu wake wa hesabu huko Kapsabet, aliyekuwa akiweka chaki nyuma ya sikio na kuitafuta darasa zima. Gakii aliinua uso kutoka kwenye njahi. Alikuwa amengoja miaka mingi mwanamume huyu azungumze naye katika saa ile. Hakumkumbusha sheria yake. Alicheka, akauliza, "Halafu?" Naye Kibet akaendelea, akamimina, akaendelea.

Jumamosi iliyofuata alizungumza tena. Na iliyofuata. Gakii alianza kuingojea siku hiyo kama msichana anayengojea barua. Alioga mapema, akavaa kitambaa kizuri kichwani, akachemsha chai ya tangawizi na kuingia nayo chumba cha nyuma. Huko alisikia mambo ambayo hakuwahi kuyasikia katika miaka thelathini na minne ya ndoa: mbwa aliyeitwa jina la afisa wa kilimo, dada aliyekufa akiwa mdogo, harufu ya kibuyu cha maziwa kilichopakwa mkaa ndani. Mara nyingine Kibet alisimama katikati ya kazi, akatazama ganda lililo mkononi, akauliza, "Hili nimelitia?" Gakii akajibu, "Nadhani umelitia." Akaendelea.

Mikebe ya baruti mezani ilikuwa miwili. Zamani ulikaa mmoja tu. Gakii aliiona, akaichukulia kama anavyochukulia vitu vingi vya kazi ya watu wengine.

Ilichukua mwaka mmoja mambo kujulikana. Mwezi wa Machi, Kibet na Surinder walikwenda kwenye uwanja wa shabaha kujaribu risasi mpya, na siku ya pili yake, Jumapili baada ya ibada, Surinder akaja peke yake. Kibet alikuwa sebuleni akitazama mbio kwenye televisheni. Surinder alipita moja kwa moja hadi jikoni.

"Shemeji, nataka tuongee kidogo."

"Kaa basi. Chai inachemka."

"Chai baadaye."

Gakii akazima jiko. Surinder hakuwahi hata siku moja kukataa chai yake.

Surinder alitoa ganda la risasi mfukoni, akalisimamisha juu ya meza. Kitako chake kilikuwa kimetandazika, na fataki katikati imebapa kama sarafu iliyokanyagwa na gari moshi.

"Jana risasi ya kwanza ilitoka sawa, ya pili sawa. Ya tatu ikalia vibaya. Bunduki ikagoma kufunguka, mpaka nikaipiga komeo kwa kiganja. Ndiyo hii." Alivuta pumzi. "Ingekuja nyingine mbaya kuliko hii, bunduki ingempasukia Kibet usoni. Nami nilikuwa nimeketi hapo hapo kando yake."

"Labda ni mashine," Gakii alisema. "Ile mashine imezeeka."

"Shemeji."

"Au maganda. Si mnayatumia tena na tena?"

"Shemeji, Alhamisi amenipigia simu mara nne kuniuliza tunakwenda saa ngapi. Jana ndani ya gari ameniuliza kwa nini sikumwambia kwamba nimehama Nakuru. Nilihama Nakuru miaka hamsini iliyopita."

Gakii alichukua kitambaa cha vyombo, akakikunja mara mbili, akakikunjua.

"Nimejua tangu mwaka jana," alisema. "Kila siku nawaogesha watu wa namna hiyo. Nikirudi nyumbani nikamwona, nikajiambia huyu amechoka tu. Alikuwa anaongea na mimi, Surinder. Hujui alivyokuwa anaongea."

Mlango ulifunguka. Kibet alisimama pale akiwa na soksi tu miguuni.

"Mnanisema mimi?"

"Ndiyo, bwana," Surinder alisema. "Tunakusema wewe."

Kibet akaja mezani. Akaliona ganda, akavaa miwani, akalichukua na kulipeleka dirishani. Aliligeuza polepole. Alipita kidole kwenye kitako kilichotandazika. Gakii aliijua sura ile. Ndiyo aliyokuwa nayo alipoletewa mashine ya hospitali iliyoharibiwa na mtu mvivu.

"Nani ametengeneza hii?"

"Wewe," Surinder alisema.

"Mimi sitengenezi hivi."

"Najua."

Sebuleni watu wa televisheni walikuwa wakishangilia. Kibet aliweka ganda mezani, akalisogeza mbali naye kidogo.

"Zimebaki ngapi?"

"Arobaini na tatu. Zimo kabatini kwako."

"Basi zifunguliwe zote," Kibet alisema. "Mbele yangu."

Walizifungua Jumamosi iliyofuata, mezani pale pale. Surinder alileta nyundo ya plastiki yenye kichwa chenye uwazi. Risasi huingizwa humo, nyundo ikagongwa kwenye gogo, na kwa mtikisiko kichwa cha risasi kikachomoka kwenye ganda pamoja na baruti yake. Kibet ndiye aliyegonga. Surinder alimshikia gogo. Gakii alipewa kazi ya kupanga visahani vyeupe vya chai, kila risasi na kisahani chake, ili baruti yake ionekane peke yake.

Visahani vitano vya mwanzo vilikuwa sawa. Baruti yake ilikuwa vijiti vifupi vyeusi, kama ncha za penseli zilizokatwa. Kwenye cha sita ikamwagika baruti nyingine kabisa, chembe ndogo za mviringo, kama ulezi.

Hakuna aliyehitaji kumweleza Gakii. Aliinua macho akautazama mkebe wa pili. Ile ilikuwa baruti ya Surinder, ya bunduki yake ndogo, baruti inayowaka haraka zaidi. Kwenye mizani zote mbili zinaweza kuwa na uzito mmoja. Mizani haikuwa na kosa lolote. Aliyekosea ni yule aliyefungua mkebe huu badala ya ule, na sheria ya mezani, sheria ambayo Kibet mwenyewe alimfundisha Surinder, ilikuwa mkebe mmoja tu ukae wazi, mwingine ufungiwe.

"Endelea," Kibet alisema, ingawa yeye ndiye aliyeshika nyundo.

Walimaliza karibu na saa sita mchana. Saba zilikuwa na baruti isiyo yake. Mbili hazikuwa na chochote ndani.

"Tisa," Kibet alisema. Alivua miwani. "Tisa kati ya arobaini na tatu. Mashine ikikosea hivyo, unaitoa wodini siku hiyo hiyo. Hungoji."

"Kibet, bwana wee."

"Nasema kweli, Surinder. Ungefanya nini wewe? Ungeitoa."

Surinder alikuwa akirudisha visahani kimoja kimoja juu ya sinia, akivitenganisha vilivyo sawa na visivyo sawa.

Gakii alisubiri mpaka Surinder alipotoka kwenda uani na baruti ile. Kisha akasema, "Ni mimi. Ulikataza usiongeleshwe. Ulipoanza kuongea ningekunyamazisha. Ningekwambia, Baba Bridget, mimina kwanza. Sikusema. Nilitaka uendelee."

Kibet alimtazama kwa muda mrefu, na siku hiyo alikuwa yeye kabisa, hakuna kilichopotea.

"Nilikuwa nasema nini?"

"Mambo mengi. Dada yako. Yule mbwa."

"Nilikwambia juu ya dada yangu, Tapsiargaa?"

"Ulinisimulia hadi siku ya maziko yake."

"Basi ni vizuri," Kibet alisema. "Sikuwahi kumwambia mtu." Akanyoosha mkono kupita juu ya meza, akamshika kiganja, na mikono yao ikakaa pale katikati ya vumbi jeusi la baruti mpaka Surinder aliporudi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Daktari aliandika barua. Kliniki iliwaita mwezi wa Julai, ikawapa jina la ugonjwa ambalo Gakii alikuwa analijua. Kibet hakungoja kunyang'anywa leseni, aliirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Bunduki na vifaa vyote vilipita kwa muuza silaha mwenye kibali, na Surinder akavichukua kwa leseni yake. Bridget alikuja kutoka Ilford, akalia jikoni, akazungumza na baba yake kwa Kiingereza, na baba akamjibu kwa Kiswahili kama walivyokuwa wakifanya tangu alipokuwa mtoto. Chumba cha nyuma kilirudishiwa kitanda.

Jumamosi zikawa ndefu. Kibet hakunyamaza tena, siku nzima alikuwa akiuliza, akitembea, akifungua droo. Gakii akajikuta anakitamani kile kimya alichokuwa akikilalamikia zamani kwa wenzake kanisani. Alitamani kuketi mbele ya mtu ambaye hamsemeshi kwa sababu anajua anachokifanya.

Kisha, kuelekea mwisho wa kiangazi, Kiswahili kikaanza kumponyoka Kibet.

Gakii alikuwa Mmeru wa Timau, Kibet Mnandi wa Kapsabet. Walikutana hospitalini Eldoret, Gakii muuguzi mwanafunzi, Kibet kijana wa kutengeneza mashine, na lugha waliyokuwa nayo wote wawili ilikuwa Kiswahili. Walitongozana kwa Kiswahili, wakagombana, wakampigia mtoto kelele na kusali kwa Kiswahili. Simu za nyumbani zilipoingia, kila mmoja alizungumza lugha ya kwao na mwenzake akatoka nje ya chumba. Walikuwa wakitaniana juu ya hilo. Hakuna aliyejisumbua kujifunza ya mwenzake, kwa nini ujisumbue na mnaelewana?

Sasa Kibet aliamka asubuhi akaomba kitu kwa Kinandi. Gakii akauliza, "Unataka nini, Baba Bridget?" naye akarudia kwa sauti kubwa zaidi, neno lile lile. Baada ya kujaribu chai, blanketi na choo, Gakii aligundua kwamba alikuwa anataka dirisha lifunguliwe. Siku nyingine hakugundua kabisa.

Mwezi wa Oktoba Surinder akapiga simu.

"Shemeji, yule mwenye shamba anaulizia. Madume wameanza kunguruma msituni. Nataka nimchukue Kibet."

"Hawezi kushika bunduki, Surinder."

"Hatashika. Nitashika mimi. Yeye akae asikilize tu. Na wewe uje. Miaka yote hii hujaja hata mara moja."

Walikwenda mchana wa Jumanne, siku ambayo Gakii hakuwa kazini. Surinder aliwaweka kwenye ukingo wa msitu, chini ya ua wa miti, juu ya turubai, kisha akaenda kukaa mbele kidogo, mahali wanapoweza kumwona mgongo. Mbele yao palikuwa na uwanda wa majani, na ng'ambo yake msitu wa miti iliyoanza kugeuka rangi.

Gakii alifungua mfuko wa biskuti. Kibet akauzuia mkono wake.

"Karatasi inapiga kelele," alinong'ona. Kwa Kiswahili. "Na kofia yako ishushe, uso wako unang'aa. Upepo unatoka huko, umesikia? Watatokea upande huu wa kushoto. Usitafute pembe. Tafuta masikio, masikio ndiyo yanayotikisika."

Gakii hakuthubutu hata kuvuta pumzi kwa nguvu. Kutoka ndani ya msitu ilikuja sauti nzito, ya kukoroma, kama mtu anayeburuta samani sakafuni.

"Huyo ni dume," Kibet alisema. "Anawaita. Atakoroma hivyo wiki tatu, hali chochote. Akimaliza amekonda."

"Kwa nini hali?"

"Ana mambo mengine kichwani." Akatabasamu, jino la dhahabu likaonekana.

Kwa saa nzima na zaidi alikuwa mume wake. Alimwonyesha njia ya kulungu kwenye majani, gome lililokwanguliwa kwa pembe, mahali aliposimama yeye siku fulani mvua ikimnyeshea. Alimwuliza kama anasikia baridi, akampa glavu zake. Gakii alijibu kwa kunong'ona na moyoni akawa anaomba, si jambo kubwa, aliomba tu kulungu wachelewe.

Walitoka wanne, upande wa kushoto. Nyuma yao dume kijana, pembe zake bado nyembamba. Surinder aliinua bunduki polepole. Kibet alimshika Gakii mkono, akaubana. Mlio ulipasuka, ukarudi kutoka msituni. Wanne wakaruka na kutoweka. Yule kijana alipiga hatua moja, miguu ikamkunjika, akalala. Hakutikisika tena.

"Vizuri," Kibet alisema kwa sauti ya kawaida. "Hakusikia kitu."

Walitembea wote watatu hadi pale alipolala mnyama. Kibet alipiga magoti, akaweka kiganja chake shingoni mwa kulungu, kwenye manyoya, akakiacha hapo. Akaanza kusema. Alisema polepole, kwa Kinandi, sentensi ndefu zilizofuatana, sauti yake ikiwa ya chini na ya adabu. Kisha akageuza uso kwa Gakii, akaendelea kusema, akimsimulia yeye sasa. Alifika mwisho. Aliinua nyusi, akangoja jibu.

Gakii alitazama mdomo wake.

"Sijaelewa, Baba Bridget," alisema. "Niambie tena. Niambie kwa Kiswahili."

Kibet alirudia. Kinandi kile kile. Alipoona bado hajibiwi, alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba, akasimama, akafuta magoti. Surinder alikuwa amewapa mgongo, akijishughulisha na kisu.

Ndani ya gari Kibet alilala. Walipofika karibu na Croydon, foleni ikiwa imesimama, Surinder akasema, "Shemeji, nisamehe. Nilidhani nakupa zawadi."

"Umenipa," Gakii alisema. "Saa moja na nusu. Niliangalia saa."

Baada ya kitambo akauliza, "Wewe Kipunjabi chako ulikipoteza?"

"Kimebaki cha kugombana na Alka."

"Na ukizeeka kama Kibet, utarudi kwenye kipi?"

Surinder alifikiri. "Sijui," alisema. "Naogopa nitarudi kwenye Kiswahili, na nyumbani kwangu hakuna atakayenielewa."

Jumapili hiyo, baada ya ibada, Gakii alimfuata mwanamke mmoja aitwaye Jelagat, muuguzi kijana kutoka Nandi Hills aliyehamia Thornton Heath mwaka jana tu. Walikuwa wakisalimiana mlangoni mwa kanisa, si zaidi ya hapo.

"Mwanangu," Gakii alisema, "nataka unifundishe Kinandi."

Jelagat alicheka, halafu akaona uso wa mama yule, akaacha kucheka.

"Unataka ujue kiasi gani, mama?"

"Kiasi cha kuishi na mtu nyumbani."

Walianza Jumamosi iliyofuata, chumba cha nyuma, Jelagat juu ya kitanda na Gakii kwenye kiti. Kichwa cha miaka sitini na moja ni kigumu. Aliandika kwenye daftari, akabandika vikaratasi kwenye friji, mlangoni, kwenye birika. Alijifunza maji, dirisha, baridi, inauma wapi, niko hapa. Akiwa kwenye basi kwenda Croydon alirudia maneno chini ya pumzi mpaka abiria wakamwachia nafasi. Alimpigia Bridget simu akamwambia naye ajifunze, na Bridget akajibu kwa Kiingereza kwamba atajaribu, kisha kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akauliza kwa Kiswahili, "Babu yangu aliitwa nani, Mama? Jina lake lote."

Asubuhi moja ya Januari, barafu ikiwa imetanda juu ya magari barabarani, Gakii aliingia na maji ya kunywea dawa. Kibet alikuwa ameketi kitandani akitazama mikono yake. Gakii akamsalimia kwa Kinandi, akamwambia kwa Kinandi kwamba amemletea maji.

Kibet aliinua kichwa ghafla. Alimkazia macho, uso umekunjamana.

"Siyo hivyo," alisema kwa Kinandi, na hilo Gakii alilielewa. Akalisema neno la maji yeye mwenyewe, taratibu, akimwonyesha midomo.

Gakii akajaribu.

Kibet akatikisa kichwa. Akalisema tena, akigonga goti lake mwenyewe kwa kidole pale ambapo mkazo wa sauti unatakiwa kukaa. Gakii akaweka bilauri sakafuni, akavuta kiti karibu, akajaribu mara ya tatu. Mumewe akasikiliza, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Tena," akasema.